Je, Utungu wa Kuzaa ni Deni la Eva?

Mama mmoja, msomaji wa gazeti hili tangu siku alipoolewa, ametuletea barua ya kurasa nne. Hatutaji jina lake, wala parokia yake, wala hospitali aliyojifungulia. Yeye mwenyewe ameomba hivyo, na tena yaliyompata yangeweza kumpata mama ye yote, katika sehemu nyingi za nchi yetu.

Anaeleza kwamba mtoto wake wa tatu alizaliwa usiku, baada ya utungu wa saa 19. Alipokuwa akilia, nesi wa zamu alimwambia neno ambalo, twaogopa, akina mama wengi wanaosoma makala hii wamekwisha kulisikia: kwamba alipokuwa na mumewe hakulia, basi sasa kelele za nini? Kisha akampiga kofi pajani. Mtoto alizaliwa mzima, ashukuriwe Mungu. Walakini kilichomshikisha mama huyu kalamu si lile kofi. Wiki mbili baadaye alimsimulia habari hiyo mama mzee wa jumuiya yake, mtu anayeheshimiwa na wote kwa sala zake, naye akamwambia anyamaze. Utungu, alisema bibi yule, ni adhabu aliyopewa Eva, na mwanamke anayenung'unika leba humnung'unikia Mungu.

"Padre," aandika mama yetu, "kofi limekwisha kupona, lakini neno hili halijapona. Je, ni kweli?" Halafu, katika mistari ya mwisho, anatuarifu kwamba ana mimba ya nne, ya miezi sita, na ya kuwa anafikiri kuzalia nyumbani kwa mama mkwe wake, mahali ambapo hatatukanwa na mtu.

Wasomaji wengine watacheka kuona padre akiandika habari za utungu wa kuzaa, na wana haki ya kucheka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini mama huyu hakutuuliza utungu ni wa namna gani. Hilo analijua kupita sisi. Ameuliza kama Mungu ndiye anayetaka yeye aumie, na kama ni dhambi kutamani kuumia kidogo. Swali hilo ni la katekisimu, na padre hana ruhusa ya kulikimbia. Mwandishi wa makala hii alikaa miezi mingi katika seminari kuu akisomeshwa Kitabu cha Mwanzo, maana ya kila neno na asili yake. Hakumbuki hata siku moja walipoulizana mstari ule unafanya kazi gani katika chumba cha kujifungulia. Basi na tuulizane leo.

Katika sura ya tatu ya kitabu hicho, baada ya dhambi ya wazazi wetu wa kwanza, Mungu anamwambia Eva kwamba utungu wake utazidi na kwamba atazaa kwa maumivu. Watu wengi husimama hapo. Lakini Mungu hakunyamaza hapo. Alimgeukia Adamu pia, akamwambia kwamba ardhi itamzalia miiba na michongoma, na kwamba mkate wake ataula kwa jasho la uso wake. Hukumu zote mbili zimetamkwa mahali pamoja, na Mungu yule yule, kwa sababu ya kosa lile lile. Haya, ni nani aliyepata kumwona mwanamume mkristo akikataa jembe la kukokotwa na ng'ombe kwa kuwa jasho ni adhabu ya Adamu? Ni mkulima gani aliyeacha kung'oa magugu shambani mwake asije akampinga Mungu aliyeyaotesha? Twanunua trekta, twachimba visima, twapanda mbegu bora, na paroko huja kuzibariki. Ukifika utungu wa mwanamke, ghafla twakumbuka kwamba Maandiko ni Maandiko!

Maneno yale ya Mwanzo hutueleza hali ya ulimwengu uliojeruhiwa na dhambi. Yanatuambia kwa nini jambo jema kama uzazi limechanganyika na maumivu, na kwa nini jambo jema kama kazi limechanganyika na uchovu. Hayampi mtu ye yote cheo cha mtekelezaji wa adhabu hiyo. Mungu hakumweka nesi, wala mume, wala mama mkwe, wala padre, asimame kando ya kitanda cha mzazi ahakikishe kwamba Eva amelipa.

Wala swali hili si geni. Mwaka 1847, mjini Edinburgh, daktari James Young Simpson alianza kuwapa wazazi dawa iitwayo klorofomu ili wasisikie maumivu. Wako watu waliompinga kwa mstari ule ule wa Mwanzo. Simpson, ambaye alikuwa Mprotestanti mcha Mungu, aliwajibu kwa Biblia vile vile: Mungu alipotaka kutwaa ubavu wa Adamu alimtia kwanza usingizi mzito. Mwaka 1853 malkia Victoria wa Uingereza alitumia dawa hiyo alipomzaa mwanawe, na tangu hapo wapinzani wakapungua sauti. (Mara nyingi hoja ya maskini haisikiki mpaka tajiri aisemapo, lakini hayo ni makala ya siku nyingine.)

Kanisa letu nalo lilinena, na kwa uwazi. Tarehe 8 Januari 1956 Baba Mtakatifu Pio XII aliwahutubia madaktari waliomwendea kumwuliza habari za njia mpya za kuzaa bila maumivu, au kwa maumivu machache. Njia moja ilitoka Urusi, kwa wanafunzi wa mafundisho ya Pavlov. Nyingine ilikuwa ya mganga Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliyefundisha kwamba hofu hukaza mwili, na mwili uliokazwa huongeza maumivu, na maumivu huongeza hofu, hata mama azungukwe kama mtu aliyenaswa wavuni. Wakatoliki wengine waliona shaka juu ya elimu itokayo katika nchi inayomkana Mungu. Papa aliwajibu kwamba ukweli wa elimu haupimwi kwa imani ya aliyeugundua. Na juu ya ule mstari wa Mwanzo alisema bila kuzungukazunguka: Mungu alipomwadhibu Eva hakutaka kuwakataza akina mama, wala hakuwakataza, kutumia njia za kuufanya uzazi uwe rahisi na wenye maumivu machache. Mwezi Februari wa mwaka 1957, akisema na madaktari wa dawa za usingizi, alifundisha tena kwamba mkristo hafungwi na wajibu wo wote wa jumla wa kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe.

Hiyo ndiyo sauti ya Baba Mtakatifu, na imekuwako kwa miaka zaidi ya 60. Basi ni ajabu kwamba katika jumuiya zetu bado twasikia mafundisho ya bibi yule. Hatumlaumu. Pengine yeye mwenyewe alinyamazishwa hivyo hivyo alipokuwa kijana, na neno lile ndilo kiegemeo pekee alichopewa cha kuyabebea yaliyompata. Lakini kosa halitakatiki kwa kurithiwa.

Wapo watakaouliza: Je, padre, wataka kutuambia kwamba mateso hayana thamani? Mbona Kanisa hutufundisha kuyaunganisha maumivu yetu na Msalaba wa Bwana? Swali hilo ni zito kuliko la kwanza, nasi hatutaki kulipita mbio. Naam, maumivu yana thamani yakitolewa sadaka. Mama aliye katika utungu anayesema moyoni, "Bwana, kwa ajili ya mtoto huyu," hutoa sadaka ambayo wengi wetu tuliokaa madhabahuni hatujapata kutoa mfano wake. Lakini angalieni neno lenyewe: hutoa. Sadaka hutolewa na mwenye mali. Siwezi kuingia bandani mwa jirani yangu, nikamtwaa mbuzi wake, nikamchinja, kisha nikamwambia jirani afurahi kwa kuwa ametoa sadaka. Mimi nimekuwa mwizi, hata kama yeye kwa imani yake atasamehe na kumtolea Mungu hasara ile.

Tena tuutazame Msalaba wenyewe tunaoutaja upesi hivyo. Njiani kwenda Kalvari walikuwapo askari, na alikuwapo Simoni wa Kirene. Mateso ya Bwana wetu yaliukomboa ulimwengu, na ukombozi huo haukuwafanya wapigamisumari kuwa watu wema. Thamani ya mateso ilitoka kwa Yule aliyeyapokea kwa mapendo. Haikutoka katika nyundo. Ndani ya wodi ya wazazi kila mmoja wetu ana nafasi ya kuchagua mahali pake katika Njia ya Msalaba, na hakuna anayelazimishwa kushika nyundo.

Husemwa pia habari za Mtakatifu Gianna Beretta Molla, na mara nyingine husemwa vibaya. Gianna alikuwa daktari wa watoto, Mwitalia, mke na mama. Mwaka 1961, akiwa na mimba ya mtoto wa nne, alionekana ana uvimbe katika mfuko wa uzazi. Maadili ya Kanisa yangemruhusu kukubali kuondolewa mfuko wa uzazi, ingawa mtoto angekufa bila kukusudiwa. Yeye akachagua uvimbe utolewe peke yake, mimba ibaki. Mtoto wa kike alizaliwa tarehe 21 Aprili 1962 kwa upasuaji. Mama akafa siku saba baadaye kwa maambukizo tumboni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 2004, na mtoto yule, sasa mwanamke mzima, alikuwapo uwanjani. Gianna hakuchaguliwa njia ile na mtu mwingine. Alikuwa daktari, alijua hatari, alitibiwa na waganga wenzake kwa ustadi wote uliokuwapo. Ye yote anayelitumia jina lake ili kumnyima mama mwingine matibabu amemsoma mtakatifu huyu kichwa chini miguu juu.

Na kwa kuwa tumetaja upasuaji, tuseme neno kwa wale mashangazi na mawifi wanaokwenda kumtazama mzazi aliyepasuliwa, kisha njiani wakasema kwamba fulani "hakuzaa, alitolewa tu". Mtakatifu Gianna alipasuliwa. Je, naye si mama?

Turudi kwa yule nesi. Ni lazima tumtendee haki, kwa maana yeye pia husoma gazeti hili, na Jumapili huenda akaketi benchi moja na mama aliyempiga. Tumepata kuzungumza na wakunga, masista na wasio masista. Wanatuambia kwamba mara nyingi usiku mkunga huwa peke yake na wazazi sita au saba, kitanda kimoja kikilaliwa na wawili, huku glavu zimekwisha. Wanatuambia pia kwamba ipo dakika ambapo kichwa cha mtoto kimefika, na mama kwa hofu anabana mapaja, na mtoto aweza kukosa hewa. Hapo mkunga hupaza sauti, na pengine hupiga, akidhani anaokoa. Wako hata akina mama wanaosema, "Kofi lile ndilo lililomwokoa mwanangu."

Hatukatai kwamba dakika hiyo ipo, wala kwamba sauti kali hufaa ndani yake. Mwokoaji humpigia kelele mtu anayezama. Lakini hamkumbushi kitanda cha ndoa yake. Tusi lile halikusudii kumfungua mama mapaja. Lakusudia kumwaibisha kwa jambo ambalo Kanisa limelibariki mbele ya altare na kuliita sakramenti. Hapo ndipo ukali wa kazi unapokoma na dhambi inapoanza. Tena, kama mganga yule Mwingereza alivyosema kweli, hofu huukaza mwili: anayemtisha mzazi anaifanya kazi yake mwenyewe iwe ngumu zaidi.

Katika Biblia nzima mkunga wa kwanza kutajwa ni yule aliyekuwa na Raheli njiani kwenda Efrata, katika sura ya 35 ya Mwanzo. Raheli alikuwa katika utungu mkali, nao ulimwua. Mkunga hakuwa na dawa, wala kisu, wala damu ya kumwongezea. Alichoweza ni kumwambia asiogope. Mwandishi mtakatifu, ambaye hakuandika hata jina la mkunga huyo, aliona neno lake lastahili kuhifadhiwa. Baadaye, katika Kitabu cha Kutoka, wakunga wawili, Shifra na Pua, wametajwa kwa majina, maana walimcha Mungu kuliko Farao wakakataa kuwaua watoto. Na Farao mwenyewe, mfalme wa Misri yote, jina lake halikuandikwa. Mkunga anayeijua heshima aliyopewa katika Maandiko hatahitaji kuitafuta kwa kumkaripia maskini.

Wala serikali na mahakama hazikulinyamazia jambo hili. Mwaka 2013, katika hospitali moja ya umma magharibi mwa Kenya, mama mmoja alijifungua sakafuni, akatukanwa na kupigwa na wauguzi, na mtu akapiga picha za video. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba heshima yake ya kibinadamu ilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi za Kenya milioni 2.5. Na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza mwaka 2014 kwamba kutukanwa, kupigwa na kupuuzwa kwa wazazi ni uvunjaji wa haki zao. Yatupasa kuona haya kwamba mahakama imetutangulia kusema.

Nasi katika Kanisa tusijifanye kwamba mikono yetu ilikuwa safi siku zote. Kwa miaka mingi sheria za Kanisa ziliwazuia masista kufanya kazi ya ukunga, kwa kuona kwamba haifai kwa waliowekwa wakfu. Wakati huo akina mama walikufa mbele ya milango ya misioni. Mama Mary Martin kutoka Ireland, na daktari Anna Dengel kutoka Austria, waliona vifo hivyo kwa macho yao, mmoja Nigeria, wa pili Bara Hindi, wakaomba miaka nenda miaka rudi. Tarehe 11 Februari 1936 Roma ilibadili msimamo, ikawaruhusu masista, tena ikawahimiza, kusomea uganga na ukunga kwa ajili ya wazazi na watoto wachanga. Mwaka 1937 Mama Mary Martin aliweka nadhiri zake akiwa mgonjwa hospitalini huko Port Harcourt, na shirika lake likazaliwa. Mabinti zake walifika mpaka kwetu, na watu wa Singida wanaijua hospitali ya Makiungu. Kanisa lilijifunza kwamba usafi wa moyo haupotei kwa kumpokea mtoto. Kama Kanisa zima liliweza kujifunza, nesi mmoja aweza, na bibi mmoja wa jumuiya aweza.

Sasa, mama, tuje kwenye neno lako la mwisho, ambalo ndilo lililotunyima usingizi. Umesema utazalia nyumbani.

Twaelewa sababu yako, na hatusemi ni ya kipuuzi. Lakini twakusihi usifanye hivyo. Katika nchi hii, uchunguzi wa mwaka 2015-16 ulikadiria kwamba akina mama 556 hufa katika kila vizazi hai 100,000. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika muda huo huo wazazi wanaojifungulia katika hospitali, vituo vya afya na zahanati walitoka 63 katika kila 100 wakafika 81. Hesabu hizo ni za makadirio, na sababu zake ni nyingi. Hata hivyo nyuma yake wako wanawake walio hai leo wakipika ugali ambao wangekuwa makaburini. Ulimwenguni, mwaka 2023, walikufa akina mama wapatao 260,000 kwa sababu za mimba na uzazi, na sehemu kubwa walikuwa Waafrika. Damu ikianza kutoka kwa nguvu baada ya kuzaa, mwanamke mwenye afya aweza kufa kwa muda wa saa mbili. Mama mkwe wako, hata akiwa na mikono ya huruma kama ya Elizabeti, hana dawa ya kuizuia. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kutangazwa mwaka 2023, yalionyesha kwamba damu ikipimwa kwa mfuko maalumu na dawa zote zikitolewa kwa pamoja mara moja, hatari kubwa hupungua kwa zaidi ya nusu. Nyumbani hakuna mfuko huo, wala sindano, wala dripu.

Hii ndiyo sababu tunaliona tusi la nesi kuwa jambo zito kuliko linavyoonekana. Yeye hudhani amesema maneno matupu yaliyopeperushwa na upepo. Kumbe amemfukuza mama hospitalini miaka mitatu kabla ya uzazi wake ufuatao. Na mama huyo akivuja damu sakafuni kwa mkwewe, nesi hatajua kamwe.

Basi, mama, fanya hivi. Endelea na kliniki bila kukosa, na katika siku hizi za kungoja mwulize muuguzi mkuu, kwa adabu lakini kwa uwazi, kama waruhusu mtu wa kukaa nawe wakati wa utungu. Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo, na imeonekana kwamba mama mwenye mtu wa kumshika mkono hujifungua mapema zaidi na hupasuliwa kwa nadra. Bikira Maria alikaa na Elizabeti kama miezi mitatu. Nawe usione haya kuomba usiku mmoja. Kama chumba ni cha wazazi wengi na wanaume hawaingii, mchukue huyo huyo mama mkwe unayempenda. Ikiwa zahanati nyingine ya karibu ina sifa njema, nenda huko, lakini uhakikishe wana gari la kukupeleka mbele mambo yakiharibika. Na lile la kofi, mpelekee mganga mkuu kwa barua. Si kisasi, ni haki ya wengine watakaolala kitanda kile.

Mumeo hukumtaja hata mara moja katika kurasa nne. Mpe asome makala hii.

Umeuliza pia kama ni lazima uungame kwa kuwa ulimlaani nesi yule katika utungu. Neno linalomtoka mtu katika maumivu ya namna ile halipimwi kama neno la mtu aliyeketi kivulini. Lakini kama moyo wako hautulii, mwendee paroko wako, atakusikiliza. Na uendapo, mwombe baraka ya mama mwenye mimba. Imo katika vitabu vya ibada vya Kanisa tangu zamani, na mapadre wengi hatuisomi kwa sababu hakuna anayetuomba.

MHARIRI